Hesi iliyopinda: sailensa yangu na fundi aliyeshindwa kusema pole

Pale risasi inapotokea, kwenye tundu la mbele la sailensa yangu, kile kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa bunduki, palikuwa na alama moja inayong'aa, imepinda kama mwezi mwandamo. Punje ya mchele ni kubwa kuliko ile alama. Kwingine kote ilikuwa nyeusi tii, rangi yake ya dukani, ila pale palipoguswa chuma kilikuwa cheupe, kibichi. Nilipoiona nilikaa chini kwenye vumbi, bunduki mapajani, nikashindwa hata kumjibu mwenzangu aliyekuwa ananiuliza, "Kaka vipi, umepata?"

Sikupata. Risasi ilikwaruza visahani vya ndani, vile vinavyoigawa sailensa vyumba vyumba, ikatoka inayumba, ikaenda kuchimba udongo kushoto kabisa, mbali na shabaha. Mlio wenyewe ulinishtua kabla sijaona kitu: badala ya ule mpasuko mkavu niliouzoea, kulikuwa na mlio wa kitu kinachogongwa, kama sufuria limedondoka sakafuni.

Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko huku Texas na majimbo ya jirani, mnaowinda nguruwe mwitu na mnaopigiana simu kuulizana juu ya hivi vifaa. Uzito, urefu na chuma kilichotumika vimeandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo ni hesi. Hesi ya mtutu, yaani ile mikato ya mzunguko kama ya skrubu mdomoni mwa bunduki, ambako sailensa hukazwa. Nani anaikata, anaikataje, na akiharibu anakutazama vipi.

Sikununua sailensa kwa mbwembwe. Ujana wangu niliumalizia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye karakana ya baba mdogo, nikikereza bushi na shafti kuanzia asubuhi hadi giza linaingia. Pembeni kuna mtu anagonga nyundo, mwingine anasaga chuma, na hakuna aliyeziba masikio. Leo usiku nikilala nasikia nyenje, na nje hakuna nyenje. Ukiongezea bunduki ya .308 juu ya hayo, unamaliza kilichobaki. Mama Neema ndiye aliyeamua: "Baba Neema, ama uache hiyo bunduki, ama utafute namna. Mimi nimechoka kusema jambo mara tatu."

Niseme hili haraka, kwa sababu ndugu zangu wa nyumbani wakisikia sailensa wanafikiria sinema, mtu anapiga risasi na jirani hasikii. Si kweli. Kifaa hiki hupunguza desibeli 20 hadi 35 hivi, basi. Mlio wa bunduki kubwa unavuka desibeli 160, na kikomo kinachotajwa siku zote kwa mlio wa ghafla ni 140. Kwa hiyo unautoa mlio kwenye kuharibu sikio unauleta kwenye kuvumilika, na mimi bado navaa vizibo. Tena risasi yenyewe inatoka na mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, inaipita sauti mara mbili na zaidi, kwa hiyo ule mpasuko wa hewani hauzuiliki kwa kifaa chochote cha kufunga mdomoni. Aliyekipatia hataza mwaka 1909 ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa sailensa za ekzosi za magari. Wazo ni lilelile: gesi ya moto ipitishwe vyumba vyumba, ipoe na ipungue kasi kabla haijatoka. Baba yake ndiye yule Maxim wa bombomu, bunduki ya rashasha, na bombomu ndizo Wajerumani walizotumia kuwapukutisha babu zetu Mahenge mwaka 1905. Baba alileta ile, mtoto akaleta hii. Mimi huwa nalikumbuka hilo kila nikiishika.

Turudi dukani. Nilijaza fomu, nikaweka alama za vidole, nikapiga picha ya pasipoti, nikalipa dola 200 za stempu, kodi iliyokaa palepale tangu sheria ya mwaka 1934. (Tangu Januari 2026 imeshushwa hadi sifuri kwa sailensa, lakini fomu na kibali vipo vilevile. Mimi nililipa kabla, na hilo silalamiki.) Binti aliyenishughulikia makaratasi alikuwa mwema sana. Aliniita kwa jina langu, akalitamka sawasawa, akanipigia simu mwenyewe kibali kilipotoka. Mkumbukeni huyu binti, nitamrudia.

Tatizo bunduki yangu ni ya zamani, mtutu wake haukuwa na hesi mdomoni. Ilibidi ikatwe. Mtaniuliza, wewe si mkerezaji? Ndiyo, na gereji nina mashine yangu ndogo, lakini tundu la kichwa chake ni jembamba, mtutu haupiti. Duka lile lina fundi bunduki, mashine kubwa, leseni ukutani. Nikamwachia. Nilimwambia jambo moja tu, kwa heshima: "Mkuu, naomba uipime kutoka kwenye tundu, usiipime kwa nje." Akatikisa kichwa bila kunitazama, macho kwenye simu.

Asiyejua chuma anielewe hapa. Mtutu kwa nje unaonekana mviringo safi, lakini tundu linalopita katikati yake mara nyingi halikai katikati kamili. Mashine ya kutoboa hupotea kidogo njiani. Ukibana mtutu kwenye taya, ukafuata umbo la nje na kukata hesi, hesi yako itafuata nje, na risasi itafuata tundu. Hivyo viwili vikiachana hata kwa unene wa unywele, sailensa inakaa pembeni ya njia ya risasi. Halafu kuna bega, ile ngazi ndogo ambako sailensa inaegemea ikishakazwa. Bega likilala upande, sailensa nzima inalala, na kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo mdomo wake wa mbele unavyozidi kuhama. Ndiyo maana fundi mwenye akili hutumia muda mrefu kuliko wote kwenye kupima, kukata ni dakika chache. Baba mdogo alikuwa anasema chuma kikishabanwa vibaya, kisu hakina kosa.

Mtutu ukiwa bado kwa fundi, mwenzangu akanialika shambani. Yeye bunduki yake ilitoka kiwandani na hesi. Tukaifunga sailensa yangu kwake, mimi nikiwa pale pale, na siku ile nilifurahi kama mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwinda nilisikia risasi inafika. Nguruwe alianguka, mwenzangu akanong'ona, na mimi nikamsikia. Bunduki haikupiga teke la kawaida, bega langu halikuuma. Usiku ule nilimwambia Mama Neema pesa yote imerudi.

Wiki kadhaa baadaye nikachukua mtutu wangu. Hesi ilikuwa inang'aa, imepakwa mafuta, na kwa macho ilikuwa nzuri. Sikuipima. Hilo linaniuma kuliko yote, maana mwanafunzi wangu angefanya kosa kama hilo ningemfokea. Risasi nne za kwanza zilipita, ingawa zote zilikwenda kushoto na mimi nikailaumu darubini. Ya tano ndiyo iliyochora mwezi.

Nikanunua ufito wa kupimia, chuma kilichosagwa kikanyooka kabisa, unaoingizwa mtutuni hadi utokeze mbele ya sailensa. Ukiwa katikati, sawa. Wangu ulikuwa umeegemea upande mmoja, upande uleule wa alama. Nikabeba kila kitu, bunduki, ufito, sailensa, nikaenda dukani.

Yule fundi aliishika sailensa kwa vidole viwili, akaigeuza mara moja, akaiweka.

"Hukuikaza," akasema.

"Niliikaza, mkuu. Na ufito huu hapa, tazama unakoegemea."

"Basi ni risasi zako. Umenunua za bei rahisi."

Nikamwonyesha boksi la risasi, zilezile nilizonunua kwenye kaunta yake. Akalitazama, halafu akaniuliza, na nanukuu kwa Kiswahili alichosema kwa Kiingereza: "Huko kwenu hivi vitu mnavionea wapi, mpaka unifundishe kazi?"

Pembeni walikuwepo wateja watatu. Mmoja akacheka. Nina miaka mingi nchi hii na nimesikia maneno, mengi nayaacha yapite. Hili halikupita. Siyo kwa sababu ya "huko kwenu" peke yake. Ni kwa sababu ufito ulikuwa mezani, ukweli ulikuwa mezani, sentimita chache kutoka mkononi mwake, na hakuinama kuutazama. Mimi nimelelewa na watu ambao mteja akirudi na shafti iliyokatika, fundi anaweka chai chini, anaichukua, anaitazama kwenye mwanga, na neno la kwanza kutoka kinywani ni pole. Hata kama kosa ni la mteja. Pole haikugharimu senti.

Niliondoka bila kujibu kwa sababu nina watoto.

Nilitamani nirekebishe sailensa mwenyewe. Kukereza kisahani kimoja si kazi ya kunishinda, lakini kwa sheria ya hapa kisahani kimoja cha ndani kinahesabiwa kama sailensa nzima, na kukitengeneza bila kibali ni kosa la jinai. Mimi sivunji sheria ya watu kwa hasira. Nikairudisha kiwandani. Kiwanda kiliniambia wazi kwamba uharibifu wa risasi kugonga ndani hauko kwenye dhamana, nikalipa, wakairudisha nyumbani kama mpya. Siku ile nilikasirika nao pia na nikaapa kuwaandika vibaya. Sasa nafuta hilo. Wao hawakuikata hesi, na waliongea na mimi kama mtu.

Mtutu nao niliupeleka kwa mzee mmoja mstaafu mwenye banda nyuma ya nyumba yake, mji wa pili, ana leseni na mashine kuukuu iliyomzidi umri. Huyu mzee alinipa kiti. Akabana mtutu, akaingiza pini kwenye tundu, akasogeza saa ya kupimia, ile ambayo sindano yake huonyesha chuma kinayumba kiasi gani, akaanza kulegeza na kukaza skrubu za kichwa, huku na huku, huku na huku, sindano inapunguza kucheza. Saa nzima ilipita hajakata hata chenga moja. Nilitaka kulia, sisemi uongo. Nilikuwa namwona baba mdogo. Sindano ilipotulia kabisa alinigeukia akasema, "Sasa tunaweza kuanza."

Alikata ncha yote iliyoharibiwa, inchi moja na kidogo, akakata hesi mpya na bega jipya. Ufito sasa unatoka katikati kama mboni ya jicho. Ile ncha nilimwomba aniachie.

Nyumbani niliibana kipande kile kwenye mashine yangu, kwa kuwa chenyewe ni kifupi kinaenea. Nikapitisha pini tunduni, nikaweka saa juu ya hesi, nikakizungusha kwa mkono, polepole. Sindano ikaondoka, ikaenda, ikaenda, ikarudi. Inchi 0.012, karibu milimita 0.3. Nikarudia mara tatu. Bega lenyewe upande mmoja lilikuwa na alama ya kisu na upande wa pili kisu hakijagusa kabisa.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kuwapa duka nyota mbili, kwa ajili ya yule binti wa makaratasi na kwa sababu kuna jamaa yetu ambaye bunduki yake ya .22 waliikata hesi hapohapo na haina shida mpaka leo. Pengine siku ile fundi alikuwa na mambo yake. Kila mtu huharibu kazi, hata mimi nimewahi kuharibu shafti ya mashine ya unga ya mama wa watu, nikairudia bure.

Lakini juzi nilipita tena. Niliweka kile kipande kaunta, kimefungwa kwenye kitambaa safi, na karatasi ya vipimo nilivyoandika kwa mkono. Sikudai pesa. Nilisema, "Mkuu, nimekuletea uone tu, usije ukamwumiza mwingine." Maana risasi ikigonga ndani inaweza kuipasua sailensa nzima karibu na uso wa mtu, na mwingine huenda ana mtoto pembeni. Akasukuma kitambaa kurudi upande wangu kwa ncha ya kalamu. Hakukifungua.

Nyota moja. Yule binti alinifuata hadi mlangoni, akaomba akitazame kipande. Akakizungusha kwenye mwanga wa jua, akapitisha kucha juu ya bega pale kisu kilipoishia, akanyamaza kidogo, kisha akasema neno lile nililolifuata siku zote hizo. Samahani sana, akasema, pole kwa yote.