Dokta wa kwenye video aliniambia meno siyo kazi yake

Nina hasira mpaka leo, naandika hivyo hivyo maana nikisema ningoje nitulie sitaandika kabisa.

Tunakaa Usa River, binti yangu ana miaka 5. Kuna hii huduma ya kuongea na dokta kwa video, nikalipia kifurushi cha mtoto kwasababu kwenda hospitali ni kuamka alfajiri na siku nzima imeisha, na kwakweli kwenye kifua na kuharisha wamenisaidia sana, hilo siwanyimi. Basi kipindi cha mvua mtoto akaanza homa za usiku, hali chakula, akitafuna anatafuna upande mmoja, ukimpa ndizi anaizungusha mdomoni weee mwisho anaitema. Nikapiga. Dokta akauliza anakohoa? anaharisha? mkojo vipi? akaniambia nimpandishe fulana aone anavyopumua, nimbonyeze tumbo, nimwonyeshe viganja. Mwili wote tuliuzunguka isipokuwa mdomo. Mimi ndio nikasema dokta kuna jino la nyuma naona lina weusi. Hakusema hata nimsogeze kwenye kamera, akauliza mnakaa wapi, nikamwambia huku Arusha, Usa. Akasema aah hayo ni maji ya kwenu mama, meno ya hivyo huko ni kawaida, na mambo ya meno muone daktari wa meno, hapa tunaangalia mtoto.

Hapa tunaangalia mtoto! Kwani meno ya mwanangu ni ya nani?

Na kinachoniuma ni kwamba nilimwamini. Maji ya huku chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, hakuna asiyejua, mimi mwenyewe meno yangu ni ya kahawia tangu utoto, pale Ngurdoto kuna kituo wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwasababu hiyo hiyo. Kwahiyo alichukua kitu cha kweli akanifunga nacho mdomo. Akaandika dawa ya maji ya kushusha homa, tamu, nikawa nampa usiku akishakunywa chai yake ya maziwa, analala. Homa ikashuka, siku kadhaa ikarudi, nikapiga, nikampata yeye yeye, akaandika dawa ile ile.

Jumapili moja mtoto akaamka shavu limevimba. Nikapiga huku nalia, safari hii akapokea dada mmoja nesi. Hata sijamaliza kueleza akasema pole mama, mpe kaka yake ashike simu, washa tochi, wewe kaa nyuma mtoto akuegemee kifuani, sasa chukua kijiko, tumia mpini usogeze shavu taratibu. Jamani. Gego la chini lilikuwa na shimo, na kwenye fizi chini yake kuna kipele kama punje ya mchele, kichwa cheupe, usaha. Akasema haya inua na mdomo wa juu. Meno ya mbele, pale yanapokutana na fizi, kuna mistari myeupe kama chaki, akaniambia huko ndiko kuoza kunakoanza na hapo bado yanaokoka. Ndio akanieleza kwamba madoa ya maji jino linachomoza nayo, kulia na kushoto yanafanana, hayaleti usaha wala hayavimbishi shavu. Akasema usilale na huyu mtoto nyumbani, homa na shavu kuvimba ni hospitali leo leo. Mazungumzo yote hayakufika hata dakika kumi.

Gego likang'olewa. Daktari wa meno akasema lilitakiwa likae mpaka miaka 10 au 11 huko, ndilo linalomshikia nafasi jino la ukubwani, na kuna gego jingine linaota nyuma miaka 6 bila jino lolote kung'oka (mimi siku zote nilijua hayo ya nyuma ni ya utoto, yatang'oka tu), sasa inabidi tulichunge lisije likalalia pengo. Meno ya mbele akayapaka floraidi, hiyo hiyo ya kwenye maji, maana ikipakwa kidogo inayakinga yasioze. Na ile chai ya usiku akasema basi, na dawa tamu asukutue baada ya kunywa, kitu ambacho yule wa kwenye video angeniambia kwa sentensi moja.

Nilishapanga kuandika nyota 1 niwaambie wazazi msithubutu. Ila nikimkumbuka yule dada mkono unakataa, yule ni nyota 5, sijawahi kuhudumiwa vile hata ana kwa ana. Halafu mtoto anacheka naona pengo, hasira inapanda upya, maana kumbe inawezekana, simu ile ile, kamera ile ile, bando lile lile! Nilipolalamika wakanijibu meno hayamo kwenye maswali ya mtoto. Sasa si muyaweke? Anatafuna upande gani, anakunywa nini kabla ya kulala, mulika tuone. Alipougua kifua mliniambia nimmulike koo, na huwezi kufika kooni bila kupita kwenye meno.

Kifurushi kinaisha wiki ijayo. Nafikiri nitalipia, kwa ajili ya yule dada tu. Akipokea yule dokta nakata simu.