Krimu ya uso kwa ngozi kavu inayochoma ukiwa unaelekea kukoma hedhi: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Nina miaka 47, hedhi yangu huu ni mwaka wa pili inayumba, mwezi huu inakuja mara mbili mwezi ujao haionekani kabisa, na kwenye yote niliyoambiwa niyategemee, majasho ya usiku, usingizi kukatika, hasira za ghafla, hakuna aliyenitajia uso. Asubuhi moja nimemaliza kunawa, taulo bado iko mkononi, nikafungua mdomo tu kupiga mswaki nikasikia mashavu yanavuta kama nimepakwa gundi ikakauka, afu pembeni ya pua kuna vigamba vyeupe vidogo vidogo vimesimama. Nikapaka krimu yangu ya miaka yote. Ikachoma. Krimu ile ile!

Kinachotokea ni kwamba estrojeni, homoni ya kike, inapanda na kushuka hovyo halafu inaenda ikipungua, ngozi nayo inatoa mafuta kidogo, inashika maji kidogo, na ule ukuta wa juu kabisa unaozuia maji yasitoke na vitu vikali visiingie unakuwa na nyufa. Kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, pia inaondoka, inakadiriwa kama asilimia 30 hivi inapotea ndani ya miaka 5 ya mwanzo hedhi ikishakoma. Sasa ukavu na kuchoma mara nyingi vinatoka sehemu moja, huo ukuta ulioachia, ndo maana nasema ukienda kununua krimu sasa hivi tafuta ya kuziba ukuta, habari za mikunjo zitasubiri.

Krimu inayoziba inafanya kazi tatu: inavuta maji (gliserini, asidi ya hayaluroni, urea), inajaza nyufa (seramidi, ambayo ni aina ya mafuta ya ngozi yenyewe, kolesteroli, asidi za mafuta) na inafunika juu maji yasitoke (petrolatamu, yaani mafuta ya mgando, dimethikoni, ambayo ni aina ya silikoni, siagi ya shea). Hizo tatu ndo nimepimia hapa chini.

Namba 1: krimu nzito yenye seramidi, isiyo na manukato

Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, ni hiki. Mafuta yaliyomo kwenye ule ukuta wa ngozi karibu nusu yake ni seramidi, kwa hiyo unarudishia kitu ambacho ngozi inakijua tayari. Mfano mzuri ni krimu ya CeraVe ile ya kopo, ina seramidi tatu, ina kolesteroli, ina gliserini na petrolatamu, yaani kazi zote tatu ziko ndani ya kopo moja. Lakini sikulazimishi jina, jifunze kugeuza kopo usome nyuma, mbele huwa wameandika sifa tu.

Viungo vinapangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, kwa hiyo gliserini uikute kwenye vitano au sita vya mwanzo. Seramidi, ambayo lebo itaiandika Ceramide NP au AP au EOP, utaikuta huko chini, usivunjike moyo, huwa inawekwa kidogo. Ukiona cetearyl alcohol au cetyl alcohol usikimbie, hizo ni alkoholi za mafuta, zinalainisha, ya kuogopa ni alcohol denat. ikiwa juu juu kwenye orodha, hiyo inakausha. Afu tafuta neno parfum au fragrance, ukiliona rudisha kopo mahali pake hata kama inanukia vizuri namna gani. Na kuna mtego mmoja uliniponza mimi, kopo limeandikwa unscented nikajua basi hakuna manukato, kumbe hilo neno linaweza kumaanisha wameweka manukato ya kuficha harufu ya viungo vingine. Maneno unayoyataka ni fragrance free. Kingine cha kukwepa ni methylisothiazolinone, ni dawa ya kuzuia krimu isiharibike, inasababisha sana aleji ya ngozi mpaka Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha.

Kati ya kopo na tyubu au pampu chukua tyubu au pampu ukizipata, maana kopo kila siku unachovya vidole. Angalia pia kile kialama cha kopo lililofunguliwa chenye namba ndani, 12M maana yake miezi 12 tangu siku ulipofungua.

Namba 2: mafuta ya mgando, yale ya kawaida kabisa

Najua wengi mtashangaa nimeyapandisha hivi juu, ila hakuna kitu unachokinunua kirahisi kinachozuia maji kutoka kwenye ngozi kama petrolatamu, na kwa vile kiungo ni kimoja tu, ngozi inayokasirika na kila kitu haina cha kugombana nacho. Mkemia Robert Chesebrough alisajili hataza ya Vaseline, jina maarufu la mafuta haya, mwaka 1872 na mpaka leo madaktari wa ngozi bado wanayataja. Shida yake ni kwamba yanafunika tu, hayaongezi maji, ukipaka kwenye uso mkavu umefunika ukavu. Kwa hiyo paka krimu yako kwanza uso ukiwa bado na unyevu, afu chukua mafuta kiasi cha punje ya njegere, sugua vidoleni mpaka yalainike, gusagusa mashavuni, pembeni ya pua na midomoni. Nunua yasiyo na manukato, maana mengine hata ya watoto yananukia. Ila kama joto linakupanda usiku mpaka unatupa shuka, utayachukia, basi weka kwenye sehemu zenye vigamba tu.

Namba 3: losheni nyepesi ya pampu

Hii ni ya mchana na ya wale ambao mashavu yamekauka lakini paji la uso bado linang'aa mafuta au vipele vya kidevuni vimerudi kama vya ujana, na vinarudi kweli kipindi hiki. Maji yake mengi mafuta kidogo, kwa hiyo haikai muda mrefu, mimi ikifika mchana nishaanza kuvutwa tena. Viungo soma vile vile kama namba 1.

Namba 4: krimu ya urea

Nzuri sana kwa vigamba, ila kwa uso baki kwenye asilimia 5 kushuka chini. Ya asilimia 10 na kuendelea hiyo ni ya mwili na visigino, kwenye shavu lenye nyufa itachoma. Isubiri mpaka ukuta utulie.

Namba 5 na 6: seramu ya hayaluroni, na mafuta ya mimea

Nazichanganya kwa sababu kosa lake ni moja, watu wanazinunua badala ya krimu. Seramu inavuta maji lakini haifungi mlango, bila krimu juu yake yanaondoka, hasa hewa ikiwa kavu. Kwenye mafuta, ya zeituni yana asidi ya oleiki nyingi ambayo kwa ngozi kavu inaweza kulegeza ukuta zaidi, ya alizeti ni afadhali. Yale ya harufu, lavenda, limau, mnanaa, usiyaguse kabisa, kuitwa ya asili hakuzuii kuchoma.

Ambazo nisingenunua sasa hivi

Krimu zilizoandikwa mbele kwamba ni za menopozi, yaani kukoma hedhi. Nilinunua moja ghali, sanduku zuri, nikaja kugeuza nyuma nikiwa nyumbani, gliserini, dimethikoni, na manukato juu yake, uso ukawa mwekundu siku nne. Krimu za kung'arisha zisizoeleweka ndo hatari zaidi, nyingine zina zebaki au steroidi kali, na steroidi inapunguza unene wa ngozi ambayo tayari inazidi kuwa nyembamba, dada zangu nawaomba sana hapo. Retinoli, ile aina ya vitamini A ya kupunguza mikunjo, siyo mbaya, ila iingie ngozi ikishatulia, mara mbili kwa wiki, na kumbuka hedhi kuyumba siyo kwamba huwezi kushika mimba, mpaka miezi 12 ipite bila hedhi bado hujavuka, na retinoli haitumiki kwenye ujauzito.

Chochote utakachonunua usikipeleke usoni siku hiyo hiyo. Paka kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko mara mbili kwa siku, siku 7 mpaka 10, pakiwa kimya ndo uende usoni, na uanze na kitu kimoja kimoja, maana ukianza vitatu pamoja ukawashwa hutajua ni kipi.

Na krimu yoyote itakushinda kama unaoshea uso sabuni ya kipande, pH yake, kile kipimo cha uasidi ambacho 7 ndo katikati, huwa 9 mpaka 10 wakati ngozi iko kama 5. Mimi asubuhi natumia maji ya uvuguvugu peke yake, usiku klinza, yaani kisafishio cha uso, ya krimu isiyo na povu, nafuta kwa kugusagusa na taulo siyo kusugua, na ndani ya dakika tatu krimu ishapakwa. Juu yake mchana sanskrini, krimu ya kukinga jua, ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, yenye zinki oksidi huwa haichomi sana, na kwa ngozi nyeusi tafuta yenye rangi, inaondoa ule weupe na oksidi za chuma zilizomo zinasaidia wenye madoa ya usoni.

Wiki nne ukiwa umefanya hivi na uso bado unawaka, au wekundu umekaa tu mashavuni na puani na kuna vipele, nenda kwa daktari wa ngozi na ubebe makopo yote unayotumia, hata yale uliyoyaacha, kwa sababu atataka kusoma huko nyuma.