Mabomba ya karatasi au viroba vya udongo?

Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, msanifu majengo Shigeru Ban aliwajengea waliopoteza makazi vibanda vya mabomba ya karatasi ngumu: msingi wa kreti za bia zilizojazwa mchanga, paa la turubai. Nader Khalili, mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi California, alichagua udongo. Viroba virefu hujazwa na kupangwa duara juu ya duara, na kati ya tabaka na tabaka hulazwa seng'enge ili visiteleze, mpaka kuba lijifunge lenyewe juu.

Kwa kasi, karatasi inashinda. Mabomba ni mepesi, wasio mafundi huyasimamisha, na familia ikihama yanafumuliwa na kurejelezwa. Ila lazima yapatikane, na yakingwe dhidi ya maji.

Udongo uko chini ya miguu yako. Kinacholetwa ni viroba na seng'enge tu. Gharama yake ni jasho: kujaza, kuinua, kushindilia, tena na tena. Viroba vya plastiki huharibiwa na jua, hivyo lipu isicheleweshwe. Lakini kuta nene hupunguza makali ya joto la mchana, wakati chini ya turubai ni tanuri.

Mvua ikiwa mlangoni, ningechukua karatasi. Ila makazi ya “muda” mara nyingi hukaliwa miaka, na hapo nachagua kuba bila kusita. Kwa vyovyote, dai angalau meta za mraba 3.5 kwa kila mtu, kiwango cha Sphere (mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu), bila kuhesabu jiko na bafu.