Mwiko wa WHS wa inchi 4: mdogo, mgumu, na hauendi bila tupa

Wanaakiolojia huchimbua mabaki ya kale kwa mwiko wa fundi uashi. Ule unaouzwa kwa bei rahisi mara nyingi shingo yake imechomelewa kwenye bapa. Udongo mkavu ukibana, huvunjika papo hapo. WHS, wa Kiingereza, umefuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, na hiyo ndiyo sababu ya kuulipia zaidi. Marshalltown wa Kimarekani nao ni kipande kimoja, ila ule wa inchi 5 una bapa refu linalonesa kidogo.

Tofauti hiyo huonekana mahali kama Mapungubwe, Afrika Kusini. Juu ya kilima, makao ya watawala wa karne ya 13, kuna sakafu za udongo ulioshindiliwa. Bapa linalonesa huruka juu yake, ila WHS hukwangua. Kwenye mabaki ya kijiji cha kale kiitwacho K2, kama kilomita moja kutoka hapo, kuna jalala nene la majivu na samadi. Huko WHS mikononi mwa mwenye haraka hupitiliza tabaka mbili kwa mvuto mmoja. Chukua Marshalltown.

WHS ukiwa mpya, kingo zake ni nene. Piga tupa bapa kingo mbili za pembeni, upande wa juu tu, mpaka zikwangue vizuri. Usinoe kama kisu: makali membamba hupinda yakigonga jiwe, na huchana mifupa. Ukichimbua, laza bapa, vuta kuelekea kwako, huku ukirudi nyuma usikanyage ulipokwisha kusafisha. Ncha si ya kuchokolea. Shanga iking'oka kabla mahali pake hapajapimwa, hutajua tena ni ya tabaka lipi.

Shanga zenyewe za Mapungubwe, za kioo, zilizofika kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, nyingi hazifiki milimita 4. Mwiko huzikosa, na chekeche la milimita 5 huzipitisha. Weka la milimita 2, hata kama kazi itachelewa.

Kiangazi ardhi hukakamaa. Nyunyiza maji kwa bomba la mgongoni ambalo halijawahi kuwekwa dawa ya mimea, funika kwa turubai, subiri unyevu ushuke. Rangi za tabaka zitajitokeza. Ukizidisha maji, bapa litapaka tope na mashimo ya nguzo yatafutika machoni.

Kasoro ya WHS ni mpini wa mti: joto likiukausha, hulegea. Na ukisafiri kwa ndege, uweke kwenye mzigo wa chini. Kwenye begi la mkononi utanyang'anywa.