Hita ya umeme ya voti 12 kwenye gari la zamani: nyota mbili kati ya tano

Hita ndogo za seramiki za wati 150, zile za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, huuzwa kwa ahadi mbili: kupasha joto ndani ya gari na kuyeyusha barafu kwenye kioo cha mbele. Ya kwanza haitimii. Hita ya maji ya injini iliyo nzima hutoa kilowati kadhaa, na wati 150 hazifui dafu mbele yake. Kwenye kioo inafaa kidogo: ikae karibu kabisa, ielekee sehemu ya kioo iliyo mbele ya dereva, nayo itafuta ukungu kwa kiasi cha kuonea mbele. Barafu nene haiiwezi, ikwangue kwa nje kwanza.

Tatizo kubwa ni umeme. Wati 150 kwa voti 12 ni ampea 12.5. Dainamo (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) ya Lucas C40-1, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza, mwisho wake ni ampea 22. Sasa piga hesabu ya usiku wa mvua: taa kubwa mbili za wati 45 zinakula 7.5, taa ndogo kama 2, koili ya kuwashia injini 3 hadi 4, waipa 2 hadi 3. Ongeza hita, unafika kama 28. Pengo hilo linalipwa na betri, na ukiwa umesimama kwenye foleni dainamo haichaji karibu chochote. Mwenye alternata, mashine ya kuchaji iliyochukua nafasi ya dainamo, ana nafuu. Gari la voti 6 halifai kabisa kwa hita hii.

Waya wa tundu lenyewe mara nyingi ni mwembamba. Waya wa milimita mraba 1, mita 3 kwenda na 3 kurudi, hupoteza zaidi ya voti 1. Hita inapoa, waya na plagi vinapata moto. Vuta waya mpya wa milimita mraba 4 moja kwa moja kutoka betri, weka fyuzi ya ampea 20 jirani na betri, kisha relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo. Kama bodi ya gari imeungwa kwenye chanya cha betri, geuza nyaya za hita. Usipogeuza, feni itazunguka kinyume au itakufa.

Kama gari lina hita ya maji, pesa hiyo ianzie huko. Injini isiyo na thermostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) haipati moto wa kutosha kwenye baridi; funga ya nyuzi 82 au 88, kulingana na injini. Gusa mipira miwili ya hita injini ikiwa moto: mmoja ukichoma na mwingine ukiwa baridi, koki ya maji ya hita haifunguki au rejeta ndogo ya hita imeziba. Ifungue, ipitishie maji kinyume cha njia yake kwa presha ndogo mpaka yatoke masafi. Ukijaza maji tena, inua pua ya gari na uache koki wazi ili hewa itoke.

Halafu tazama mabomba ya karatasi chini ya dashibodi. Yakichanika, upepo wote wa moto unaishia miguuni na kioo hakipati kitu. Zulia lililolowa nalo likaushwe, maana unyevu wake ndio unaorudi kwenye kioo kila asubuhi.