Miaka sita na MSD Veterinary Manual: uzoefu wa daktari wa mifugo wa kijijini

Ng'ombe wa mama mmoja wa Machame ndiye aliyenirudisha kwenye kusoma. Nilikuwa na mwaka wa pili tangu nitoke SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, najiona nimeiva. Ng'ombe alikuwa wa miaka sita, chotara wa Friesian, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada za watoto watatu. Homa ilikuwa 40.8, hali majani, kinyesi kigumu, maziwa yamekatika. Huku kwetu homa ya ng'ombe ikipanda watu husema ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, nami nikasema hivyo hivyo. Nikamwambia kijana wa nyumbani amtoe bandani tumfunge kwenye mparachichi, nikamchoma buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, nikaondoka. Alfajiri simu ikaita: "Daktari, ameanguka." Nilipofika alikuwa ameshakufa. Tukampasua. Damu nyepesi kama maji, bandama imevimba, nyongo imejaa hadi inataka kupasuka, ufizi wa manjano. Ilikuwa ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe unaomaliza damu.

Usiku ule nilisoma ukurasa wa anaplasma, kimelea cha ndigana baridi, kwenye MSD Veterinary Manual, kitabu cha rejea cha madaktari wa mifugo kinachosomwa mtandaoni, mara tatu. Yote niliyoyaona yalikuwa yameandikwa pale. Ugonjwa huu ndama huubeba kirahisi, lakini kadiri mnyama anavyokuwa na umri ndivyo unavyomkaba, na aliyevuka miaka mitatu anaweza kufa upesi. Hakojoi damu, tofauti na aliyeshikwa na babesia, kimelea cha ugonjwa wa mkojo wa damu. Na mnyama aliyepungukiwa damu kiasi kile hatakiwi kuswagwa wala kutembezwa, maana hewa inayobebwa na damu iliyobaki haimtoshi hata kwa hatua chache. Mimi nilimtoa bandani nikamtembeza hadi kwenye mti. Chuoni nilifundishwa haya. Miaka miwili ya kuchoma sindano kwa mazoea iliyafuta.

Tangu hapo ni miaka sita naitumia Manual hii karibu kila siku, ndiyo maana naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu walioko wilayani, wasio na mwalimu wa kumpigia simu saa nne usiku.

Kwanza kabisa, ni bure. Huulizwi kadi ya benki wala cheti cha usajili. Kitabu chenyewe kilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1955, na hadi leo ukiwa Marekani au Kanada kinaitwa Merck, kwingine kote kinaitwa MSD. Ni kitu kimoja. Kuna sehemu ya wataalamu na sehemu ya wafugaji wa wanyama wa nyumbani. Ingieni ya wataalamu, ile nyingine imeandikwa zaidi kwa mwenye mbwa na paka wake.

Mwanzoni mpangilio ulinisumbua. Nilitafuta ndigana chini ya magonjwa ya ng'ombe nisiione, kwa sababu mambo yamepangwa kwa mifumo ya mwili. Ndigana kali, ndigana baridi, mkojo wa damu na nagana inayoletwa na mbung'o vyote viko kwenye mfumo wa damu, chini ya vimelea. Ukishazoea utaona faida yake, maana magonjwa unayoyachanganya bandani umewekewa pamoja na unalazimika kuyalinganisha. Ndipo nilipojifunza upya kwamba ndigana kali ya huku haiui kwa kumaliza damu. Inavimbisha tezi, kuanzia ile ya karibu na sikio alikouma kupe, kisha inajaza mapafu maji, na mwisho unaona mapovu puani. Ng'ombe mweupe ufizi, asiye na tezi iliyovimba, ana jambo jingine.

Badiliko kubwa lililotokana na kusoma huko ni hadubini. Nilinunua iliyotumika, nikanunua rangi ya Giemsa, na sasa sichomi homa yoyote kabla ya kupaka damu ya sikio kwenye slaidi moja na majimaji ya tezi kwenye nyingine. Inachukua kama saa nzima na mfugaji huona nachelewesha. Mzee mmoja aliniambia, "Daktari, wenzako wakija wanachoma wanaondoka." Nikamwita aangalie mwenyewe kwenye lenzi, nikamwonyesha vile vidoa vidogo vya anaplasma ukingoni mwa chembe za damu. Hakulalamika tena, na siku hizi ndiye anayenipigia mapema, homa ikiwa bado ya siku ya kwanza. Mapema ndiyo kila kitu kwenye ndigana kali. Buparvakwoni kwa mnyama ambaye mapafu yameshajaa ni pesa ya mfugaji inayomwagika.

Sasa niseme mahali ambapo Manual haitoshi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msichukue vipimo vya dawa humo na kuvitumia bila kusoma karatasi ya dawa iliyo mkononi mwenu. Imeandikwa ikiangalia sana sheria za Marekani, na baadhi ya dawa tunazozitegemea huku, buparvakwoni ikiwa mojawapo, kule hazina usajili. Oksitetrasaklini ya asilimia 10 na ya asilimia 20 inayokaa mwilini muda mrefu hazichomwi sawa, na siku za kumwaga maziwa baada ya sindano hazilingani. Mama anayepeleka maziwa kituoni anakutegemea wewe umwambie siku sahihi, na mtoto anayeyanywa hana pa kuuliza. Kwa hiyo Manual naitumia kufikiri, dozi naipata kwenye karatasi ya dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania.

Kingine ni kwamba haikufundishi kazi ya mikono. Chanjo ya ndigana kali, ile ya kumchoma ng'ombe vimelea hai pamoja na oksitetrasaklini, unaweza kuisoma ukaielewa. Lakini namna ya kutunza juani mtungi wa naitrojeni unaogandisha chanjo, kukadiria uzito wa ndama sitini kabla dawa haijapoteza nguvu na kuvisha hereni za masikio, nilijifunza kwa mwenzangu anayefanya kazi na wafugaji wa Kimasai Monduli. Siku mbili kwenye boma zilinifaa kuliko mwezi wa kusoma.

Nimejaribu pia kulipia. Kuna huduma moja ya kozi za mtandaoni niliyojiunga nayo kwa dola, kila mwezi. Video nzuri, waalimu hodari, lakini karibu kila kisa kilimalizikia kwenye mashine ambayo mkoa mzima hatuna. Nilipojitoa walinikata pesa ya mwezi mwingine, na barua pepe zangu mbili hazikujibiwa. Kwa daktari mwenye kliniki ya mbwa na paka Masaki, Dar es Salaam, pengine inalipa. Kwangu hapana.

Zilizonifaa ni za bure. Kozi ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kuhusu ugonjwa wa miguu na midomo, wiki nne, yenye mwalimu anayejibu maswali, ilinifundisha kusoma umri wa vidonda. Lengelenge ambalo halijapasuka ni la siku moja au mbili. Kidonda kilichoanza kuweka kovu ni cha kama wiki nzima. Unatafuta kidonda kikongwe kuliko vyote kwenye kundi, unarudi nyuma siku 2 hadi 14 za virusi kujificha, kisha unauliza nani alinunua ng'ombe mnadani kipindi hicho. Niliitumia mwaka huohuo, na tulifika kwenye boma la kwanza kabla mnada uliofuata haujafunguliwa. Sitaisahau siku ile.

Kwa kichaa cha mbwa, muungano wa kimataifa wa kupambana nacho, GARC, una kozi ya bure ya kuwa mwelimishaji wa jamii. Ni fupi, na inakupa maneno ya kusema shuleni. Karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, vinatoka kwa mbwa, na hatua ya kwanza ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali. Nimeona mtoto akipakwa mafuta ya taa kwenye jeraha. Kila daktari wa mifugo aisome hii, hata yule wa kuku tu.

Nikirudi kwenye Manual, bando linasumbua. Nikiwa mjini Moshi nahifadhi kurasa ninazozihitaji kwenye simu, kwa sababu juu huko mlimani mtandao unapotea. Na iko kwa Kiingereza kizito. Vijana wawili ninaofanya nao kazi wana stashahada ya mifugo, mikono yao ni mizuri kuliko yangu kwenye kuzalisha, lakini Kiingereza kile kinawachosha. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana nachagua ukurasa mmoja, nausoma kwa Kiswahili, wao wananisimamisha na kuniuliza, na ambaye hakuwepo namtumia kwa sauti kwenye WhatsApp. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakapoiweka sehemu ya wataalamu kwa Kiswahili.

Jumamosi hii tunasoma maji moyo, ugonjwa mwingine wa kupe. Mbuzi mmoja wa Sanya alikufa juzi akizungukazunguka na kutafuna hewa, masikio yamejaa kupe wa madoa. Nimeshapaka ubongo wake kwenye slaidi nne, zimekauka, zinasubiri rangi.