Droni inayokufuata yenyewe: uzoefu wangu wa baiskeli, ngalawa na harusi

Kwa wenye haraka wanaouliza kama droni inaweza kweli kumfuata mtu yenyewe, jibu ni hili: kufuata inafuata kweli. Ila kama umeshawishiwa na lile tangazo la kijana anakimbia msituni huku droni ikimwandama nyuma kama mbwa wake, punguza matarajio kidogo. Ndani ya droni hizi kuna namna tatu za kumfuata mtu. Ile inayosifiwa ndiyo ninayoitumia mara chache, na ile isiyozungumzwa na muuzaji yeyote ndiyo iliyonirudishia hela yangu.

Yangu ni ya kukunja, ya gramu 249, ina sensa, yaani vihisi vya kutambua vizuizi, mbele, nyuma na chini. Chapa naiacha, maana mengi nitakayosema utayakuta kwenye karibu kila droni ya daraja hili. Teknolojia ya kumfuata mtu kwa kamera si ya jana. Kampuni ya DJI waliiweka kwenye droni yao ya Phantom 4 mwaka 2016. Kabla ya hapo, droni nyingi zilizojinadi kuwa zinafuata mtu zilikuwa zinafuata GPS ya simu au rimoti aliyoishika, na GPS ya simu ikikosea mita nne tano, mtu anajikuta pembeni ya picha au hayumo kabisa. Za bei rahisi sokoni bado ziko hivyo, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa hela. Za sasa zinafuata kwa macho. Unachora kiboksi kwa kidole kumzunguka mtu kwenye skrini, programu inashika umbo lake na rangi za nguo zake, kisha inamtafuta fremu kwa fremu. Hicho kiboksi ndicho cha kukitazama muda wote. Kikianza kucheza cheza, jua inakaribia kumpoteza.

Kufuata kwenyewe, yaani ActiveTrack au jina lolote ambalo mtengenezaji ameipa, kumenipendeza mahali pamoja: barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya mkonge, ukitoka Tanga kuelekea Pangani. Rafiki yangu mwendesha baiskeli alitaka video ya mazoezi yake. Mkonge ni mfupi, mistari imenyooka, udongo mwekundu, jezi ya njano. Droni ilikaa nyuma yake, ikapunguza mwendo alipopunguza, ikapinda alipopinda, na mimi mikono nimeikunja tu. Kitu pekee kilichonifanya niishike rimoti vizuri ni ile miti ya maua inayochomoza mkonge ukizeeka. Ni mirefu na myembamba, na sensa huchelewa kuiona. Matawi yasiyo na majani na nyaya za umeme ni hivyo hivyo. Sensa hizi ni kamera ndogo, na kitu ambacho kamera haikioni hazikikwepi, hasa jua likishazama.

Bodaboda ni habari nyingine. Mwendo wa kawaida wa droni ndogo ni kama mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, na yule kijana wa boda hata gia ya tatu hajaingiza. Ile hali ya michezo (Sport), ya mwendo mkali, inakimbia zaidi, lakini ukiiwasha, kwenye droni nyingi kufuata kunazimika na kukwepa vizuizi kunazimika. Utamwomba dereva aende polepole, na kwenye video ataonekana anakwenda polepole. Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba yangu haikubali kufuata nikirekodi video ya ubora wa 4K kwa fremu 60 kwa sekunde. Lazima nishuke hadi 30, kwa hiyo ile picha laini ya kupunguza mwendo siipati.

Namna ya pili ni kuzunguka. Unachagua kitu, unachagua mwendo, droni inachora duara. Kwa jengo, mnara au mbuyu, safi sana. Kwa ngalawa inayotembea, inategemea upepo na tanga. Nilipokuwa Pangani, kwenye mdomo wa mto, kila droni ilipofika upande wa pili tanga lilimfunika nahodha na kiboksi kikapotea. Mzee akawa ananiuliza, "Mwanangu, dude lako limenichoka?" Dawa yake ni kuchora kiboksi kwenye chombo kizima, tanga na yote, wala si kwa mtu aliyemo. Hapo ilishika duara baada ya duara.

Sasa nifike kwenye ile ninayoipenda. Kwenye menyu nyingi imeandikwa Spotlight. Droni haimfuati mtu popote. Kamera ndiyo inamkazia macho, na wewe unairusha unavyotaka: panda, rudi nyuma, pita ubavuni, shuka. Kazi ngumu kuliko zote katika kurusha droni ni kuongoza ndege na kamera kwa wakati mmoja, na hapa nusu ya kazi umeondolewa. Njia ya kupita unaichagua wewe, kwa hiyo minazi unaikwepa wewe, si programu inayobahatisha. Picha zangu za msafara wa harusi zilizopendwa na wateja zote zimetoka humu.

Na harusini ndipo kule kufuata kwenyewe kunapochekesha. Bwana harusi anatoka msikitini na kanzu nyeupe, kofia, joho. Waliomzunguka nao ni kanzu nyeupe na kofia. Kiboksi kilianza kwake, kikahamia kwa mjomba wake, na mjomba alivyokwenda kutafuta viatu, droni nayo ikaondoka naye. Upande wa kina mama wenye sare ni vilevile, kitenge kimoja watu wote. Bibi harusi mwenye shela hana shida, ila akikumbatiwa tu amepotea. Kwenye umati mimi siiachii ifuate hata kwa dakika moja, tena si kwa ajili ya picha tu, mapanga ya droni yanazunguka juu ya vichwa vya watu.

Gramu 249 zisikudanganye. Kipimo hicho kinajulikana kwa sababu Marekani anayerusha kwa kujifurahisha hasajili droni iliyo chini ya gramu 250. Tanzania kibali ni cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, Kenya ni KCAA, mamlaka ya huko, kwa kanuni za mwaka 2020, na mbugani ni ruhusa juu ya ruhusa. Ukiona droni za kampuni ya Skydio za mtumba bei poa, ni kweli walisifika sana kwa kukwepa miti, lakini waliacha kuuzia watu wa kawaida mwaka 2023. Uliza kwanza vipuri utatoa wapi.

Kwa wa baharini, mambo mawili. Kamera za tumboni zinahitaji kuona kitu kilichotulia, na maji hayatulii, kwa hiyo droni inaweza kupanda au kushuka bila kuambiwa. Mimi sishuki chini ya mita tano, hata picha iwe tamu vipi. La pili ni sehemu ya kurudi. Droni hukumbuka pale iliporukia. Ukiirushia chomboni na chombo kikasogea, ukibonyeza kitufe cha kurudi nyumbani inarudi pale pale, na pale sasa ni maji matupu. Ingia kwenye mipangilio uiambie irudi kwenye rimoti, au uihuishe sehemu hiyo kila mara, na uipokee kwa mkono. Betri iliyoandikwa dakika 34 hainipi zaidi ya 25 upepo wa kusi ukikaza, na kurudi dhidi ya upepo hula kuliko kwenda. Zenye sensa pande zote zipo na ni nzuri, bei imepanda kiasi. Mimi tofauti ile ya bei nimenunulia betri mbili za ziada.